Sauti za Busara kwa Jicho la Mzazi: Jioni ya Watoto, Usiku wa Wakubwa

Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika kila Februari katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, halikubuniwa kuwa tamasha la watoto, na mzazi atakayempeleka mwanawe akitarajia bembea, maputo na kupakwa rangi usoni atarudi amenuna. Hata hivyo, baada ya kulihudhuria kwa miaka tofauti, kwanza nikiwa na mtoto mgongoni na baadaye nikiwa na watoto wawili wanaotembea wenyewe pamoja na bibi yao, nimeridhika kwamba ni miongoni mwa sehemu chache Afrika Mashariki ambako familia ya vizazi vitatu inaweza kusikiliza muziki mmoja bila yeyote kati yao kuona kwamba ameburutwa. Ila mzazi lazima ajue saa ya kuingia na saa ya kuondoka, na karibu kila nitakalolieleza hapa linatokana na hilo.

Kwa wasiolifahamu, tamasha hili huandaliwa na Busara Promotions, asasi isiyofanya biashara iliyoanzishwa mwaka 2003, na lilifanyika kwa mara ya kwanza Februari 2004, Yusuf Mahmoud akiwa mkurugenzi mwanzilishi wake. Tangu hapo limekuwa likirudi kila mwaka isipokuwa mwaka 2016, ambapo fedha za kuliendesha hazikupatikana. Hata Februari 2021, wakati nchi nyingi zilikuwa bado zimefunga kumbi zao kwa sababu ya korona, muziki ulipigwa Ngome Kongwe, uwanja wa tamasha hili. Wasanii hutoka Zanzibar yenyewe, Tanzania Bara, nchi jirani, Afrika ya Magharibi, Afrika ya Kusini na visiwa vya Bahari ya Hindi, hivyo mtoto anayelala na kuamkia miziki ileile ya redioni husikia kwa jioni moja ala ambazo huenda asizikute mahali pengine mpaka awe mtu mzima.

Kitu bora kuliko vyote kwa familia, na nasema hivi nikijua kwamba wapenzi wa muziki watanibishia, hakipatikani ndani ya ngome wala hakilipiwi. Ni gwaride la ufunguzi. Katika miaka ambayo limekuwapo, gwaride huingia Mji Mkongwe wakati jua limeanza kupungua ukali, likitanguliwa na beni na kufuatwa na vikundi vya ngoma, wanasarakasi, watu wanaotembea juu ya miti mirefu na umati wa wenyeji wanaojiunga njiani, hadi linapofika eneo la Forodhani, mbele ya ngome. Beni ni muziki uliozaliwa pwani hii wakati wa ukoloni kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, kwa tarumbeta na ngoma kubwa, huku mzaha ukiwa umejificha ndani ya ule mwendo wa kiaskari, na mzaha huo watoto huung'amua haraka kuliko wakubwa. Mwanangu mdogo, ambaye kwa kawaida huziba masikio akisikia honi ya daladala, aliifuata tarumbeta kana kwamba ameitwa kwa jina. Wapo pia wachezaji wa msewe, wenye njuga zilizofungwa miguuni, ambao kila hatua yao ni mlio, na baada ya kuwaona nilikaa muda mrefu nikizuia vizibo vya soda visifungwe kwenye vifundo vya miguu ya watoto wangu.

Uzuri wa gwaride ni kwamba halina safu ya wageni wa heshima. Bibi yao, ambaye magoti yake hayamruhusu kusimama muda mrefu, tulimtafutia nafasi kwenye baraza ya nyumba moja njiani, akakaribishwa na wenye nyumba bila kuulizwa anatoka wapi, na maandamano yote yakampitia mbele ya macho. Ushauri wangu kwa wenye watoto wadogo au wazee ni huo: msiwafuate wapigaji kutoka mwanzo hadi mwisho, bali chagueni sehemu ambapo njia ni pana, mfike mapema, msubiri. Ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe msongamano huwa mkubwa, pikipiki nazo hazikomi kupita, na mtoto wa miaka minne aliye chini haoni chochote isipokuwa viuno vya watu. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, kwa kuwa mawe ya njia zile na ngazi za ngome vitakifanya kuwa mzigo. Khanga mgongoni inatosha.

Ngome Kongwe yenyewe ni nusu ya burudani. Ilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kutimuliwa, ikawahi kuwa jela, na leo ni uwanja wenye majani uliozungukwa na kuta nene, pamoja na ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe zilizopangwa kwa nusu duara. Waandaaji hutumia jukwaa kubwa lililo uwanjani na lile la ukumbi wa ngazi kwa kupokezana, yaani kundi moja likiwa linapiga upande huu, mafundi mitambo wanaandaa upande wa pili, na matokeo yake ni kwamba muda wa kungoja, ambao ndio adui mkubwa wa mzazi popote penye watoto, huwa mfupi. Watoto nao hupata sababu ya kunyoosha miguu kila baada ya kipindi fulani, kwa kuhama kutoka jukwaa hili kwenda lile, kabla hawajaanza kugombana.

Kwa familia, ukumbi wa ngazi unafaa zaidi. Mtoto aliyekaa ngazi za juu anaona jukwaa lote bila kubebwa begani, bibi ana mahali pa kukaa, na spika haziko karibu na uso wa mtu. Uwanjani hali ni tofauti: huko watu husimama na kucheza, na kadiri usiku unavyoingia ndivyo wanavyosogea mbele. Sauti ya mitambo iliyofungiwa ndani ya kuta za mawe ni nzito, jambo linalowafurahisha wanaopenda besi, lakini masikio ya mtoto hayajakomaa kwa hilo, na vifunika masikio ni kitu cha kwanza ninachoweka mkobani kabla ya chupa ya maji. Nilipoanza kuvitumia, watu wa pale walitutazama kwa mshangao, wakidhani nimempeleka mtoto kwenye muziki kisha nikamzuia asiusikie. Anausikia vizuri sana, na kesho yake halalamiki kwamba masikio yanavuma.

Nije kwenye suala la saa. Maonyesho huanza alasiri au jioni na kuendelea hadi baada ya saa sita usiku, na vikundi vyenye majina makubwa hupangwa mwishoni, kama ilivyo katika matamasha mengi ya muziki duniani. Mpangilio huo una mantiki kwa watu wazima, lakini unamaanisha kwamba mzazi anayenunua tiketi kwa ajili ya msanii maarufu ananunua pia usiku wa kubeba mtoto aliyelala, kumkwepesha na walevi wachache wanaojitokeza baada ya saa nne, na kutafuta njia ya kurudi gizani. Mwaka 2024, Sampa the Great kutoka Zambia alipokuwa miongoni mwa majina makubwa, watu waliokuja na watoto walikuwa wameshapungua sana uwanjani kufikia usiku wa manane, na siwalaumu. Sisi hugawana zamu: baba yao huwarudisha watoto na bibi mnamo saa tatu usiku nami nabaki, na usiku unaofuata tunabadilishana. Wanandoa wasiokubaliana mapema juu ya zamu hizi watagombania langoni, na muziki hauna faida kwa mtu aliyenuna.

Kinachoshangaza ni kwamba saa za mwanzo, ambazo mashabiki wa majina makubwa huziona kuwa za kupashia joto mitambo, mara nyingi ndizo zenye muziki unaowagusa watoto zaidi. Hapo ndipo hupatikana taarab ya asili, kidumbak (ndugu yake wa mtaani mwenye ngoma zaidi), ngoma za vijijini na vikundi vya vijana wanaochipukia, wakiwamo wanafunzi wa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambacho tangu mwaka 2002 kimekuwa kikifundisha ala kama udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), fidla na ngoma hapohapo Zanzibar. Binti yangu mwenye umri wa miaka tisa alipomwona msichana asiyemzidi sana kwa umri ameweka kanuni mapajani, vidole vyake vikipita juu ya nyuzi nyingi kiasi hicho bila kuzitazama, aliniuliza swali ambalo hakuwahi kuuliza mbele ya msanii yeyote wa kwenye televisheni: alijifunzia wapi? Jibu lilikuwa mwendo wa dakika chache kwa miguu, na kesho yake tulikwenda kuchungulia.

Taarab ina faida nyingine kwa familia, nayo ni kwamba mtazamaji ana kazi ya kufanya. Mtu akiguswa na ubeti huinuka, hutembea kwa madaha hadi mbele na kumtunza mwimbaji, noti mkononi, mabega yakicheza taratibu. Bibi yao, aliyekulia Tanga enzi za vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, alipoinuka na mjukuu wake kumfuata nyuma akiwa ameshika noti ya shilingi elfu moja kwa vidole viwili, ukumbi mzima ulipiga vigelegele, na mtoto akajifunza kwa dakika moja adabu ya kusikiliza mashairi ambayo mimi nisingeweza kumfundisha kwa mwaka. Ni katika majukwaa haya pia ambako marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, aliimba mara nyingi katika miaka yake ya mwisho, na wazee waliomwona bado humhadithia kila taarab inapoanza.

Muziki wa Wagogo nao hauhitaji maelezo kwa mtoto. Familia ya Zawose ya Bagamoyo, inayoendeleza kazi ya marehemu Hukwe Zawose, imekuwa ikiwakilishwa katika tamasha hili, na mwaka 2024 ilikuwa zamu ya wanawake wa familia hiyo, Zawose Queens. Ilimba, ambayo ni kisanduku chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ina mlio mtamu unaofanana na matone ya maji, na watoto husogea karibu wajue unatoka wapi. Nimegundua pia kwamba lugha si kizuizi hata kidogo: vikundi vinavyoimba kwa Kibambara, Kiwolof au Kimalagasi vilipokelewa na watoto wangu sawa na vile vinavyoimba Kiswahili, ilmradi mapigo yawe dhahiri na mwimbaji awe anawatazama watu. Vilivyowashinda ni vile vyenye nyimbo ndefu za taratibu zilizotanguliwa na hotuba, na hapo, nakiri, hata mimi nilitafuta mahali pa kununua maji.

Kanuni ya tamasha kwamba kila kundi lipige laivu, bila kuimba juu ya muziki uliorekodiwa, inastahili sifa ya pekee, kwa sababu kwa mtoto ndiyo inayotofautisha jioni hii na sherehe nyingine alizowahi kuona. Katika maonyesho mengi ya muziki wa kizazi kipya, mtoto humwona msanii mmoja akirukaruka na kipaza sauti huku sauti ya wimbo ikitoka mahali asipopaona. Hapa anamwona mpiga besi, mpiga gita la solo, mpiga ngoma aliyeloa jasho, na anaelewa kwamba muziki ni kazi ya watu wengi wanaosikilizana. Kanuni hiyo ina gharama yake, kwa kuwa baadhi ya nyota wanaojaza viwanja Dar es Salaam hawaonekani hapa kwa kukosa bendi, na vijana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, wanaotaka kuona walichokwisha kukisikia kwenye simu zao, wanaweza kulalamika siku ya kwanza. Mpwa wangu alilalamika. Siku ya pili alikuwa mbele kabisa ya jukwaa, na wimbo aliokuwa akiuimba hakuwahi kuusikia kabla ya jioni ile.

Kuhusu fedha, viingilio hupangwa kwa ngazi, Watanzania wakilipa kidogo kuliko wote, kisha wakazi wa nchi nyingine za Afrika, kisha wageni kutoka nje ya bara; kila mtu aje na kitambulisho kinachothibitisha ngazi yake. Kuna tiketi ya siku moja na ya siku zote, na bei za kila mwaka hutangazwa na waandaaji, ambao pia ndio wa kuulizwa utaratibu wa watoto kabla ya kulipa. Mimi naona bei ya Mtanzania ni ya haki kabisa ukilinganisha na idadi ya vikundi unavyoviona kwa usiku mmoja. Ndugu walioko Ulaya, Uarabuni na Marekani wanaosafiri kwa pasipoti za kigeni wakumbuke kuongeza bima ya safari ya Zanzibar, iliyoanza kuwa ya lazima kwa wageni Oktoba 2024 kwa dola 44 kwa mtu mzima. Familia ikiwa kubwa, kiasi hicho kinaonekana katika bajeti.

Chakula hakina shida, na kwa watoto wengi ndicho kilele cha jioni. Bustani ya Forodhani iko mbele ya ngome, hivyo mnaweza kula kabla ya kuingia: urojo, mishikaki, mihogo ya kukaanga, ile chapati iliyojazwa nyama na mayai inayoitwa piza ya Zanzibar, na juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi mbele ya macho yako. Kanuni ya bibi ni kula kilichopikwa mnakiona na kukiacha kilichokwisha pangwa mezani tangu alasiri, hasa pweza na samaki, na kwa kuifuata hatujawahi kuugua matumbo. Ulizeni bei kabla ya sahani kujaa. Kabla ya kula, vijana wa mjini huwa wanaruka baharini kutoka ukutani kwa mitindo ya kila aina, na onyesho hilo halina kiingilio wala ratiba. Mshikeni mkono mtoto wenu, kwa sababu naye atataka.

Februari ni mwezi wa joto kali Unguja, upepo wa kaskazi ukivuma bila kupoza. Mchana wa Mji Mkongwe haufai kumzungusha mtoto, na familia inayotaka kuona makumbusho, soko la Darajani na tamasha siku hiyohiyo itafika Ngome Kongwe imechoka kabla ya wimbo wa kwanza. Sisi hulala mchana, kama walivyofanya wenyeji wa pwani miaka yote, tukatoka baada ya alasiri. Nguo ziwe nyepesi lakini za heshima, magoti na mabega yakiwa yamefunikwa, maana nje ya kuta za ngome huo ni mji wa watu wanaosali na kuishi, na wenyeji huona tofauti kati ya mgeni aliyelijali hilo na asiyejali. Vyoo, kama ilivyo kwenye mkusanyiko wowote wa watu wengi, huwa katika hali nzuri mapema kuliko baadaye. Mpelekeni mtoto kabla hajaomba.

Mahali pa kulala ndipo penye mtego. Vyumba vya Mji Mkongwe hujaa mapema wiki ya tamasha na bei hupanda, na si kila mwenye nyumba ya wageni anaposema kwamba anakaribisha familia huwa amefikiria maana yake. Mwaka mmoja tulilipia chumba cha watu watano tukakuta vitanda viwili, ghorofa ya tatu, kwenye ngazi za mbao zisizo na kishikio, na mhudumu akatushauri kwa upole kwamba bibi alale chini sebuleni. Tangu hapo huuliza mambo matatu kwa simu kabla ya kulipa chochote: chumba kiko ghorofa ya ngapi, feni au kiyoyozi kinaendelea kufanya kazi umeme ukikatika, na mlango wa nje hufungwa saa ngapi, kwa kuwa mmoja wenu atarudi saa saba usiku na hatapenda kugonga. Walio na watoto wachanga wafikirie kulala mitaa ya Shangani au Malindi, hapohapo Mji Mkongwe, ambako mnakwenda ngomeni kwa miguu, kuliko hoteli za ufukweni Nungwi au Paje, ambazo ni nzuri kwa siku za baada ya tamasha lakini zinahitaji safari ya gari ya saa moja au zaidi usiku.

Kwa wanaotoka Dar es Salaam, boti ya mwendo kasi huchukua takriban saa mbili, na ni vyema kuchagua ya asubuhi, kwa sababu bahari ya kaskazi huweza kuchafuka mchana na watoto wakatapika mpaka bandarini. Tiketi za boti za wiki hiyo zinunuliwe mapema pamoja na za kurudi, kwani Jumatatu inayofuata tamasha foleni ya bandari ya Malindi huwa ndefu.

Kama uwezo wenu ni wa siku moja tu, chagueni ile yenye gwaride, hata ikiwa orodha ya wasanii wa usiku huo haina jina mnalolijua. Mtakuwa mmeona beni bila malipo, mtakula Forodhani jua likizama, mtaingia ngomeni kwa vikundi viwili au vitatu vya mwanzo, na saa tatu usiku watoto watakuwa njiani kurudi kulala. Familia yenye vijana wakubwa badala ya watoto wadogo ifanye kinyume chake: ipumzike siku ya kwanza, inunue tiketi ya Jumamosi, iingie saa moja usiku na isipange boti ya asubuhi ya kesho yake.